Jinsi ya kurekebisha bagi ya kutumia memori iliyoachiwa kwenye draiva ya diski ya Linux, hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale. "Keneli inaanguka nikitoa diski, nimeweka if ya kuangalia NULL lakini wapi." "KASAN (kikaguzi cha memori cha keneli) imenitapikia mistari mia na kitu, nianzie kusoma wapi?" "Mbona kwangu haianguki ila kwenye seva inaanguka?" Nimeyajibu mpaka najirudia kama kasuku, nimeona bora niyaandike yote sehemu moja, ukiniuliza tena nakutupia hii.

Nadharia nakupa kidogo tu. Mpangaji kahama, chumba kamrudishia mwenye nyumba, ila ufunguo wa akiba kausahau kwa shemeji yake. Usiku shemeji anarudi, anafungua mlango kama kawaida, kumbe ndani kuna mpangaji mpya na watoto wake. Chumba ni memori, kuhama ni kfree() (amri ya keneli ya kuachia memori), ufunguo wa akiba ni pointa ambayo mtu mwingine bado anayo. Siku nyingine shemeji anakuta chumba bado kitupu, anachukua kandambili zake anaondoka na hamna aliyejua, ndo maana bagi hii inaweza kukaa miaka bila kuonekana. Wenyewe wanaiita UAF, yaani use-after-free. (Nikisema kodi humu namaanisha kodi ya programu, sio ya chumba wala ya TRA.)

Jambo moja nataka ulishike kabla hatujaanza: pale keneli ilipoangukia mara nyingi sio penye kosa. Hapo ni mlangoni tu, shemeji alipokamatwa. Kosa ni aliyerudisha chumba bila kukusanya funguo.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye RAM ya GB 8 kwenda juu, na nafasi ya diski GB 30 hivi. Laptop ya kawaida inatosha ila bildi ya kwanza (kugeuza kodi kuwa keneli) itakula muda, chaji kabisa maana umeme ukikatika katikati utalia.
- Linux yoyote. Kwa Debian au Ubuntu mpya: `sudo apt install build-essential git flex bison libelf-dev libssl-dev bc dwarves qemu-system-x86 virtme-ng fio`
- Kodi ya keneli yenyewe. Ukiclone yote ni GB kadhaa, kama unatumia bando fanya hivi, historia inakuja ila mafaili ya zamani yanashushwa pale tu unapoyahitaji:

```
git clone --filter=blob:none https://git.kernel.org/pub/scm/linux/kernel/git/torvalds/linux.git
```

Usitumie `--depth 1`. Huko mbele utataka kujua bagi iliingia na komiti gani (badiliko lililohifadhiwa kwenye git), na bila historia hutajua.

- Uwe unasoma C bila kushika kichwa. Huhitaji kuwa mtaalamu wa keneli.

USIFANYE hii kazi kwenye keneli inayoendesha kompyuta yako. Bagi ya namna hii inaandika juu ya memori ya mtu mwingine, na mtu mwingine anaweza kuwa mfumo wa mafaili wenye picha za harusi yako. Fanya ndani ya mashine pepe, QEMU, basi.

Mfano nitakaoutumia ni draiva ndogo ya bloku (vifaa vya aina ya diski) niliyoiandika kwa kufundishia, nimeiita kisanduku. Diski inaongezwa na kutolewa kwa kuandika kwenye mafaili mawili ya sysfs, yaani yale ya keneli yaliyoko chini ya /sys. Sehemu zinazotuhusu ni hizi tu:

```c
struct kisanduku {
	struct gendisk *disk;
	struct blk_mq_tag_set tag_set;
	struct delayed_work flush_work;
	u64 mara;
};

static void kis_flush(struct work_struct *w)
{
	struct kisanduku *k = container_of(to_delayed_work(w),
					   struct kisanduku, flush_work);
	k->mara++;
	schedule_delayed_work(&k->flush_work, HZ);
}

static void kis_toa(struct kisanduku *k)
{
	del_gendisk(k->disk);
	put_disk(k->disk);
	blk_mq_free_tag_set(&k->tag_set);
	kfree(k);
}
```

Iangalie dakika mbili kabla hujaendelea. Kama umeshaona tatizo safi, ila yako ya kazini itakuwa na mistari elfu nne na hutaona kwa macho, kwaiyo twende kwa utaratibu.

Hatua ya 1: Bildi keneli yenye mtego

KASAN ndo mtego wenyewe. Iliingia kwenye Linux 4.0 mwaka 2015 na kusema kweli sijui watu waliishi vipi kabla yake. Inavyofanya kazi: kila baiti 8 za memori zina baiti 1 ya kivuli inayosema kama unaruhusiwa kuzigusa. Ukiachia memori kivuli kinabadilishwa, ukigusa tena unakamatwa hapo hapo. Juu ya hapo memori iliyoachiwa inawekwa karantini kwanza isigawiwe upya haraka, yaani chumba kinabaki kitupu makusudi ili shemeji akija aonekane.

```
cd linux
vng --kconfig
./scripts/config -e DEBUG_KERNEL -e KASAN -e KASAN_GENERIC \
  -e PROVE_LOCKING -e DEBUG_KMEMLEAK \
  -d DEBUG_INFO_NONE -e DEBUG_INFO_DWARF_TOOLCHAIN_DEFAULT
make olddefconfig
grep -E 'KASAN=|PROVE_LOCKING=' .config
make -j$(nproc)
```

Ile grep usiiruke. `olddefconfig` ikikuta kitu hakijakamilika inakizima kimya kimya, afu unakaa siku nzima unatafuta bagi na mtego wenyewe haujategwa. Usiniulize najuaje.

Kisha iwashe ndani ya QEMU kwa vng (ndo virtme-ng uliyoiweka mwanzoni):

```
vng -r arch/x86/boot/bzImage --cpus 4 --memory 2G --append kasan_multi_shot
```

CPU ziwe zaidi ya moja. Hizi bagi karibu zote ni watu wawili kugongana, na kwenye CPU moja wanapishana kistaarabu. `kasan_multi_shot` ni kwa sababu KASAN kawaida inatoa ripoti ya kosa la kwanza tu halafu inanyamaza.

Hatua ya 2: Izalishe tena, na tena

Bagi usiyoweza kuizalisha huwezi kusema umeirekebisha. Andika skripti hata kama ni ya kipuuzi:

```
cd /sys/kernel/kisanduku
while :; do
  echo 1 > ongeza
  dd if=/dev/kis0 of=/dev/null bs=4k count=2000 2>/dev/null
  echo 1 > toa
  sleep 2
done
```

Hiyo `sleep 2` wengi wanaiondoa ili "iende haraka". Taima ya kisanduku inalia baada ya sekunde moja, ukiondoa usingizi unakuwa umeshaanza raundi nyingine kabla shemeji hajafika mlangoni. Jiulize kwanza aliyebaki na pointa atarudi lini, ndo upange skripti.

Kama ni mgongano mwembamba sana, panua dirisha: weka `mdelay(50)` ya muda kwenye kodi, katikati ya pale pointa inaposomwa na pale inapotumika. Tumia mdelay sio msleep kama uko ndani ya queue_rq (fanksheni ya draiva inayopokea maombi ya I/O, yaani ya kusoma na kuandika), maana queue_rq ya kawaida hairuhusiwi kulala, ukilala utapata "scheduling while atomic" ukadhani ni bagi mpya. Kama bagi haiko kwenye draiva ila kwenye tabaka la juu yake, null_blk na scsi_debug (draiva za diski za kuigiza) zote zina vigezo vya kuchelewesha kumaliza I/O, zitumie hizo badala ya kuhangaika na diski ya kweli.

Hatua ya 3: Soma ripoti, lakini usianzie juu

Itafanana na hii, nimeipunguza:

```
BUG: KASAN: slab-use-after-free in __run_timers+0x5b1/0x8e0
Write of size 8 at addr ffff888104a2c1d0 by task swapper/1/0
...
Allocated by task 412:
 kis_ongeza+0x4e/0x2a0 [kisanduku]
...
Freed by task 431:
 kfree+0x121/0x380
 kis_toa+0x91/0xb0 [kisanduku]
...
The buggy address belongs to the object at ffff888104a2c000
 which belongs to the cache kmalloc-512 of size 512
The buggy address is located 464 bytes inside of
 freed 512-byte region [ffff888104a2c000, ffff888104a2c200)
```

Anayeanza anasoma mstari wa kwanza, anaona `__run_timers`, anafungua kodi ya taima ya keneli anaanza kutafuta bagi humo. Ndugu yangu, kodi ya taima inatumiwa na kila kompyuta ya Linux duniani kila sekunde, uwezekano kwamba wewe na draiva yako ya juzi ndo mmegundua imeharibika ni mdogo sana. Na hiyo `swapper/1` sio mhalifu, ni CPU namba 1 ilikuwa imepumzika taima ikalia.

Mi nasoma hivi: kwanza "Freed by", nani alirudisha chumba. Pili "Allocated by", ni kitu gani hasa. Mwisho ndo mstari wa juu. Kwenye mfano wetu tayari tunajua: kis_toa ameachia kitu kilichotengenezwa na kis_ongeza, yaani struct kisanduku nzima, afu taima fulani ikakiandikia.

Taima ipi? Hapo namba 464 inakulipa. Mwulize pahole, chombo kinachoonyesha mpangilio wa struct:

```
pahole -C kisanduku drivers/block/kisanduku.ko
```

Inakupangia kila fildi na inapoanzia. Kwangu 464 inadondokea ndani ya `flush_work`, kwenye taima yake. Hujasoma mstari hata mmoja wa kodi ya taima na jibu unalo. Struct ikiwa kubwa yenye taima tatu, hii ndo inakuokoa kubahatisha.

Anwani za staki (mlolongo wa fanksheni zilizoitana) zigeuze kuwa namba za mistari:

```
./scripts/decode_stacktrace.sh vmlinux "$PWD" . < ripoti.txt
./scripts/faddr2line drivers/block/kisanduku.ko kis_toa+0x91/0xb0
```

Vmlinux (faili la keneli uliyoibildi) iwe ya bildi ile ile iliyoanguka. Ukibildi upya katikati, mistari itakudanganya bila aibu.

Chini kabisa ya ripoti kuna jedwali la baiti za kivuli: `fb` ni memori iliyoachiwa, `fc` ni uzio wa pembeni. Ukikuta mshale umeangukia kwenye fc basi pengine umevuka mpaka wa safu, hiyo ni bagi nyingine na mwongozo mwingine.

Hatua ya 4: Orodhesha funguo zote

Chukua karatasi, ndiyo, karatasi. Andika kila anayeweza kushika pointa ya kitu hicho. Kwenye draiva za diski wateja wa kudumu ni hawa:

- I/O ambazo hazijamalizika, yaani request au bio (struct zinazobeba maombi ya I/O) zilizoko njiani
- taima na kazi zilizowekwa kwenye foleni za kazi (work za keneli, kama flush_work yetu)
- mtu aliyefungua /dev/kis0 na hajafunga, kupitia `disk->private_data`
- mafaili ya sysfs na debugfs
- orodha au idr (jedwali la namba na pointa) ya draiva, mtu anatafuta kwa namba anakabidhiwa pointa
- intarapti ya kifaa, kama ni kifaa cha kweli

Kwa kila mmoja jiulize: kis_toa inapofika kwenye kfree, nani amehakikisha huyu ameshaondoka? Jibu likiwa "atakuwa ameshaondoka" weka alama nyekundu. Kwa kisanduku tuna alama nyekundu mbili, flush_work na mtu aliyefungua diski. KASAN imetuonyesha moja tu, ya pili karatasi ndo imetuambia.

Hapa pia ndo utagundua zile za kizembe ambazo hata hazina mgongano wa ajabu: kusoma `bio->bi_iter` baada ya submit_bio(), au kusoma `rq` baada ya blk_mq_end_request(). Ukishaituma bio sio yako tena, inaweza kuwa imemalizika na kuachiwa kabla submit_bio haijarudi. Unachokihitaji kisome kabla, kiweke kwenye variabo yako.

Hatua ya 5: Chagua dawa inayoendana na aliyebaki na ufunguo

*Taima au kazi:* isimamishe na uisubiri imalizike. `timer_delete_sync()` (keneli za zamani ni `del_timer_sync()`), `cancel_work_sync()`, `cancel_delayed_work_sync()`. Neno la muhimu ni sync, bila hiyo unaizuia isianze ila kama tayari inakimbia kwenye CPU nyingine hujaizuia kitu.

*I/O zilizoko njiani:* gandisha foleni. Mfano wa kweli ni CVE-2021-3348 (CVE ni namba rasmi ya udhaifu wa usalama) kwenye draiva ya nbd, ya diski za kupitia mtandao, keneli mpaka 5.10.12. Fanksheni ya nbd_add_socket ilikuwa inaongeza nafasi kwenye safu ya soketi kwa krealloc(), na krealloc inaweza kuhamisha safu nzima mahali pengine na kuachia ya zamani, huku upande wa pili nbd_queue_rq bado inasoma ya zamani. Hamna kfree ya ile safu inayoonekana kwenye hiyo kodi, ndo uzuri wa mfano huu! Walichofanya ni kuita blk_mq_freeze_queue() kabla ya kuongeza soketi na kuiachia foleni baada ya hapo.

*Wasomaji wengi wa haraka:* RCU, njia ya keneli ya kuwaacha wasomaji wasome bila kushika loki. CVE-2019-19768 ilikuwa kwenye blktrace, sehemu ya keneli inayorekodi I/O, `__blk_add_trace` inaendelea kuandika kumbukumbu huku mwingine anabomoa struct ya blk_trace. Marekebisho yakaweka ile pointa ya `q->blk_trace` chini ya ulinzi wa RCU, anayebomoa anasubiri wasomaji waliokwisha ingia watoke.

*Kila mtu ana maisha yake:* hesabu ya washikaji, kref au refcount_t. Kila anayeshika anaongeza moja, akiachia anapunguza, wa mwisho ndo anazima taa na kuachia memori. Tahadhari: ukitafuta kitu kwenye orodha halafu ndo uongeze hesabu, katikati hapo kinaweza kufa. Tafuta ukiwa na loki au ndani ya RCU, na tumia `kref_get_unless_zero()`, ikikataa basi huyo marehemu, mwache.

Sasa dawa za kienyeji, naziona kila wiki:

1. `k = NULL` baada ya kfree. Umetupa ufunguo wako wewe, wa shemeji je?
2. `if (k)` pale inapoanguka. Pointa iliyoachiwa sio NULL, ina anwani nzuri tu ya kuvutia.
3. `msleep(100)` kabla ya kfree. Hii mi mwenyewe nimewahi. Nilianza na if, bagi ikahamia fanksheni nyingine, nikaongeza if nyingine, siku tatu zimeisha nikaweka msleep na ikatulia kabisa, nikajipongeza. Wiki mbili baadaye seva ikapata mzigo mzito, ile milisekunde 100 haikutosha, ikaanguka saa nane usiku.
4. Kufuta kfree. Haianguki tena, kweli, memori inavuja tu mpaka iishe.

Hatua ya 6: Andika marekebisho, na angalia mpangilio

Kwa flush_work tunahitaji mstari mmoja, swali ni uwekwe wapi. Ukiuweka juu ya del_gendisk(), I/O bado zinaingia, na kama queue_rq nayo huwa inaanzisha flush_work basi itaianzisha upya ukishaizima. Kwaiyo: kwanza funga mlango wa kuingilia, halafu toa waliomo ndani, mwisho ndo bomoa.

```c
static void kis_toa(struct kisanduku *k)
{
	del_gendisk(k->disk); /* hamna I/O mpya */
	cancel_delayed_work_sync(&k->flush_work); /* toa waliomo */
	put_disk(k->disk);
	blk_mq_free_tag_set(&k->tag_set);
	kfree(k);
}
```

Kazi inayojirudisha yenyewe kwenye foleni, kama hii yetu, cancel_delayed_work_sync inaiweza. Inayorudishwa na mtu mwingine haiiwezi, huyo mwingine lazima umzuie mwenyewe. Keneli mpya zina `disable_delayed_work_sync()` ambayo inazuia hata kurudishwa, kama unayo itumie.

Mitego miwili: usiite cancel ya sync ukiwa ndani ya kazi yenyewe, utajisubiri milele. Na usiiite ukiwa umeshika loki ambayo ile kazi nayo inaitaka. PROVE_LOCKING tuliyoiwasha hatua ya 1 itakupigia kelele hapo, isikilize.

Hatua ya 7: Mshikaji wa pili

Wengi wanaishia hatua ya 6, skripti inakimbia saa nzima bila ripoti, wanafunga laptop. Jaribu hii kwanza:

```
sleep 60 < /dev/kis0 &
echo 1 > /sys/kernel/kisanduku/toa
wait
```

Diski imetolewa ila kuna mtu bado kaifungua. Dakika ikiisha sleep inafunga faili, keneli inaita release ya draiva, release inasoma `disk->private_data`, na hiyo ni k tuliyokwisha iachia. Ripoti nyingine mpya kabisa. rmmod (amri ya kutoa moduli) isingekuonyesha hii, maana moduli haikubali kutolewa wakati kuna mtu kafungua diski, ndo maana watu hawaioni.

Dawa yake ni kumwachia gendisk (struct ya keneli inayowakilisha diski) aamue mwisho. Tangu 5.18, mwaka 2022, block_device_operations ina `.free_disk`, inayoitwa mshikaji wa mwisho wa diski akiondoka:

```c
static void kis_free_disk(struct gendisk *disk)
{
	kfree(disk->private_data);
}

static void kis_toa(struct kisanduku *k)
{
	del_gendisk(k->disk);
	cancel_delayed_work_sync(&k->flush_work);
	blk_mq_free_tag_set(&k->tag_set);
	put_disk(k->disk); /* k usiiguse tena baada ya hapa */
}
```

Na usisahau `.free_disk = kis_free_disk` kwenye jedwali la operesheni zako. Ukitaka kuona inavyofanywa na wakubwa fungua drivers/block/loop.c utafute lo_free_disk, ni mistari michache tu.

Lakini! free_disk inaitwa kama tu add_disk() ilifanikiwa. Ikishindwa katikati ya kis_ongeza, put_disk haitaachia k, lazima uiachie mwenyewe kwenye njia ya makosa. Ukiweka kfree kote kote bila kufikiri unapata kuachia mara mbili, ukisahau inavuja. Pitia njia za makosa moja moja kwa kidole.

Hatua ya 8: Pima mpaka uchoke

Skripti ya hatua ya 2 raundi elfu moja, jaribio la hatua ya 7, halafu yote mawili huku fio (programu ya kuipa diski mzigo) inapiga diski kwa nguvu. Mwisho angalia kama hujaanza kuvujisha:

```
echo scan > /sys/kernel/debug/kmemleak
cat /sys/kernel/debug/kmemleak
```

Kama umegusa kodi ya bloku ya pamoja na sio draiva moja, endesha blktests nayo (mkusanyiko wa majaribio ya tabaka la bloku), `./check block`.

Kisha toa marekebisho yako, bildi, uone bagi inarudi, yarudishe, uone inaondoka. Inaonekana utoto ila mara mbili nimegundua nilikuwa napima moduli ya zamani.

Hatua ya 9: Kiraka kitoke nyumbani

Hapa haraka haraka. `git blame` ikuonyeshe komiti iliyoleta kosa, kisha:

```
git config core.abbrev 12
git log -1 --format='Fixes: %h ("%s")' <komiti>
git commit -s
git format-patch -1
./scripts/checkpatch.pl 0001-*.patch
./scripts/get_maintainer.pl 0001-*.patch
```

Mstari wa Fixes ndo unawasaidia wanaotunza keneli za muda mrefu kujua kiraka kiende mpaka wapi, ongeza na `Cc: stable@vger.kernel.org`. Kwenye maelezo andika nani anaachia, nani bado ameshika, na kwa mpangilio gani wanagongana, CPU hii kushoto na ile kulia. "Rekebisha kuanguka" sio maelezo. Na kama mtumiaji wa kawaida asiye na ruhusa ya root anaweza kuiamsha hiyo bagi, usianze kuitangaza, ipeleke kwanza security@kernel.org.

Ukikwama

*KASAN haisemi kitu ila keneli inaanguka.* Angalia rejista kwenye ripoti ya kuanguka. Ukiona `6b6b6b6b6b6b6b6b` ni memori iliyoachiwa, hiyo ni sumu ya SLUB (kigawa memori cha keneli), alama inayojazwa kwenye memori iliyoachiwa. Kwa mashine usiyoweza kuweka KASAN, iwashe na `slub_debug=FZPU`, ni nzito lakini inavumilika.

*Inaanguka kwenye seva tu, kwangu wapi.* Kwenye seva weka KFENCE, kikaguzi chepesi cha memori, ipo tangu 5.12, inachukua sampuli chache za memori kwaiyo haikwamishi kazi. Haitaikamata leo, inaweza kuikamata wiki ijayo, ila ikikamata inakupa staki zote mbili, ya kuachia na ya kugusa.

*Ripoti inaonyesha kodi ya taima na struct ni kubwa, pahole hainisaidii.* Washa DEBUG_OBJECTS, DEBUG_OBJECTS_FREE, DEBUG_OBJECTS_TIMERS na DEBUG_OBJECTS_WORK. Ukiachia kitu chenye taima hai utaona "ODEBUG: free active" pale pale kwenye kfree, na jina la fanksheni ya taima. Ila fahamu kwamba ikigundua hivyo inaizima hiyo taima yenyewe, kwaiyo ripoti ya KASAN inaweza kupotea. Usishangilie, bagi bado ipo, ndo maana sikukuambia uiwashe mwanzoni.

*Nimeweka cancel ya sync, sasa kutoa diski kunaganda.* Ile kazi inasubiri kitu ambacho wewe umekishika, au inasubiri I/O ambayo haitamalizika kamwe kwa sababu ulishazima kifaa. Fanya `echo w > /proc/sysrq-trigger` uone nani kalala wapi.

*"Freed by" inaonyesha RCU, haionyeshi fanksheni yangu.* Kitu kiliachiwa kwa kfree_rcu au call_rcu. Shuka chini kidogo kwenye ripoti utafute "Last potentially related work creation", hapo ndo utaona nani aliagiza kiachiwe.